Tanga, Nembo na Nyuso: Kumbukumbu za Mtambuzi wa Mashua za Sydney

Kutambua mashua ya mashindano katika picha ya zamani ni kazi ya ushahidi kabla ya kuwa kazi ya macho, na kwa mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akiandaa orodha za picha za Bandari ya Sydney nchini Australia, kanuni hiyo ndiyo iliyotenganisha jina linalostahili kuandikwa na jina linalokisiwa tu. Mashua alizozishughulikia zaidi ni zile ziitwazo za futi 18, kwa kuwa urefu wa chombo, kutoka omo hadi tezi, ni kipimo hicho, yaani takriban mita 5.5, ingawa dasturi, ile boriti inayotokeza mbele ya omo, pamoja na boriti ya tanga kuu iliyopita nyuma ya tezi, ziliifanya mashua iliyotweka matanga yake yote ionekane kubwa kuliko ilivyo. Wengi wa mabaharia wake walikuwa wafanyakazi wa mikono kutoka vitongoji vya bandarini kama Balmain, watu ambao nyuso zao zimo katika picha nyingi na majina yao hayakuandikwa popote kwenye picha hizo.

Kinachoiwezesha kazi hii ni uamuzi wa mfanyabiashara Mark Foy, ambaye mwaka 1891 alianzisha chama cha Sydney Flying Squadron kwa nia ya kuufanya mchezo wa matanga ufuatiliwe na umma, si na matajiri wenye vyombo vya anasa peke yao. Foy alitaka mashua dhaifu zitangulie kuondoka na zenye kasi zifuate, ili itakayovuka mstari wa mwisho mbele ya wenzake iwe ndiyo mshindi machoni pa kila mtu. Tena alitaka kila mashua ibebe kwenye tanga lake nembo kubwa ya rangi, iwe nyota, moyo, duara au umbo jingine rahisi, ili mtazamaji aliye ufukoni, au aliyepanda mojawapo ya feri zilizoandamana na mashindano zikiwa na wacheza kamari, aijue mashua anayoishabikia kwa mbali. Mwandishi anauhesabu uamuzi huo kuwa miongoni mwa mambo ya haki zaidi katika historia ya michezo ya baharini, kwa kuwa alama iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa kawaida wa siku ile ndiyo iliyokuja kuwafungulia watu wa baadaye mlango wa kuwafikia mabaharia wenyewe.

Hata hivyo nembo haisomeki kwenye picha kama ilivyosomeka majini. Mabamba makavu ya kioo, yaani vioo vilivyopakwa utando wa jelatini wenye chumvi za fedha zinazoathiriwa na mwanga, ambayo wapigapicha wa bandari kama William Hall waliyatumia, hayakuziona rangi zote kwa usawa: yale ya kawaida yaliathiriwa na mwanga wa buluu na wa urujuani, na yale yaliyoboreshwa, yaitwayo othokromatiki, yaliongezewa uwezo wa kuona kijani na manjano, lakini mbele ya nyekundu yalibaki vipofu. Kwa hiyo nyekundu hutokea ikikaribia weusi, ilhali buluu huweza kupauka hata ikakaribia weupe wa kitambaa cha pamba cha tanga lenyewe, na mtu anayetazama nyota mbili, moja nzito na moja hafifu, anaweza kuapa kwamba ni nyeusi na ya kijivu, kumbe moja ni nyekundu na ya pili ni ya buluu. Ndiyo maana mwandishi hakuandika rangi kamwe kwa kuangalia picha peke yake. Aliandika umbo kwanza, kisha akaitafuta rangi katika magazeti ya wakati ule, kama The Sydney Morning Herald na gazeti la michezo The Referee, ambayo sasa husomwa bila malipo kupitia Trove, hazina ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Australia.

Bamba la kioo lina hatari nyingine, nayo ni kwamba huonekana pande zote mbili, na likichapishwa kwa upande usio wake, kushoto huwa kulia bila picha kuonyesha kasoro yoyote. Nembo ya duara au ya nyota haisaidii hapo, kwa sababu haina upande. Mwandishi alizoea kuanza na vifungo vya koti, kwani koti la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, kisha akatazama nyuma ya mashua kama ngome ya kisiwa cha Fort Denison na vilima vya ufukoni vimepangika inavyopasa, na mwishoni akatazama upepo na jua. Alasiri za kiangazi upepo wa Sydney kwa kawaida huvuma kutoka kaskazini mashariki, hivyo mashua zilibisha dhidi ya upepo kuelekea mlango wa bahari na kurejea mjini upepo ukiwa nyuma, zikiwa zimetandaza spinaka, yaani lile tanga kubwa jepesi linalotuna kama mfuko. Na kwa kuwa kusini mwa dunia jua hupita upande wa kaskazini kabla ya kushuka magharibi, vivuli humwambia mtazamaji makini kama picha imegeuzwa.

Tarehe hupatikana kwa urahisi zaidi. Tao la Daraja la Bandari ya Sydney liliunganishwa katikati mwezi Agosti 1930 na daraja likafunguliwa tarehe 19 Machi 1932, na mlingoti wa manowari HMAS Sydney ulisimamishwa katika rasi ya Bradleys Head mwaka 1934, kwa hiyo picha inayoonyesha kimojawapo, au inayokionyesha kikiwa nusu, hujipangia miaka yake yenyewe. Umbo la chombo nalo husema: mashua za zamani zilikuwa pana, zikakaribia futi 8 kwa upana na kubeba kundi kubwa la watu, mpaka mashua Aberdare ya Brisbane, yenye upana wa futi 7, ilipozishinda na kuzusha mgogoro uliosababisha ligi mpya kuundwa Sydney mwaka 1935. Umbo hilo la chombo lina uzito kuliko linavyodhaniwa, kwani mwenye mashua aliyejenga chombo kipya aliweza kukihamishia nembo yake ya zamani. Nembo humtaja mwenye mashua, bali chombo hutajwa na mbao zake, na mwandishi hakukubali jina lolote mpaka viwili hivyo vikubaliane.

Kuhusu watu, ugumu ni mkubwa na thamani ni kubwa zaidi. Nahodha hujulikana mapema, kwa sababu ndiye aliyeshika usukani na ndiye aliyetajwa na magazeti. Mashua Britannia, iliyojengwa mwaka 1919 na ambayo leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari ya Australia, ni mfano wenye manufaa ya pekee, kwa kuwa mjenzi na nahodha wake, George Robinson, aliyejulikana kama Wee Georgie, aliichezea pia Balmain katika raga ya wachezaji 13. Na katika picha za timu za raga, tofauti na za baharini, watu walipangwa safu, wakatazama kamera, na majina yao yakachapwa chini yao. Sura iliyothibitishwa uwanjani inaweza kutafutwa majini, hasa kwa umbo la sikio, ambalo kofia na mawimbi havilibadilishi kama vinavyobadilisha mdomo na macho.

Anayebaki nyuma daima ni mfuaji maji, mara nyingi kijana, aliyeinama katikati ya miguu ya wenzake akiyatoa maji chomboni wakati wengine wamejining'iniza ukingoni kuzuia mashua isipinduke. Mwandishi hakuridhika na desturi ya kuandika jina la nahodha likifuatiwa na neno "na wengine", kwa kuwa mashua hizo bila kufuliwa maji hazikumaliza mashindano. Alidai, mpaka ikawa utaratibu wa kazi katika orodha alizozisimamia, kwamba kila mtu anayeonekana ahesabiwe kuanzia tezi kuelekea omo, aandikiwe kazi anayoifanya, kisha liongezwe jina lililothibitishwa, au jina linalopendekezwa pamoja na sababu yake, na pale ambapo hakuna jina nafasi iachwe wazi chini ya kazi yake, ili jamaa anayefika na albamu ya nyumbani aulizwe moja kwa moja: je, huyu wa tano, anayefua maji, mnamjua?