Mablanketi ya Viraka, Nansio

Jumamosi, 1 Juni 2024

Upepo wa ziwani umeanza. Alfajiri umepiga mabati ya jirani mpaka mbwa wakaamka. Kipupwe kimefika, na kabati la jumuiya lina viroba viwili tu vya vipande vya kushonea mablanketi ya watoto.

Asubuhi nimezunguka kwa mafundi wa sokoni. Wa karibu na stendi hangoji niombe: mabaki yake ananiwekea kwenye kiroba cha unga, vitenge vya sare za harusi, mapindo ya sare za shule, kanga iliyobaki na nusu ya jina lake. Vitambaa vya kuteleza nimemrudishia. Poliesta haifyonzi jasho, na cheche ya kibatari ikiiangukia inayeyukia mwilini mwa mtoto. Nachukua pamba tupu. Usiku huu vyote vimelowekwa kwenye beseni nione kipi kinachuja rangi, maana kitenge chekundu kimoja kinaweza kuharibu kazi ya wiki nzima.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa ya kwanza tumekaa chini ya mwembe. Mweka hazina ametoa hoja yake: tuache viraka, tuchange, tuagize mablanketi ya duka kutoka Mwanza, rangi moja, ili watoto wasigombanie la kijani na la njano. Hoja ina uzito. La duka unalipata siku hiyohiyo. La kwetu linamaliza jioni nyingi za mama mmoja, na kipupwe hakisubiri.

Nimewaambia niliyoyaona nikiwa matroni wa bweni. Mablanketi yote ya kijivu, yote sawasawa. La mtoto mdogo linahamia kwa mwenye nguvu, na asubuhi hakuna wa kuthibitisha. Upele ukiingia kitanda cha mlangoni, kabla ya likizo umefika cha dirishani, kwa sababu kila mmoja anajifunika lolote analolikuta. Mtoto akiniambia "Matroni, hili ni langu," sikuwa na namna ya kumjibu. Blanketi lenye kiraka cha samaki kwenye pembe linajulikana ni la nani hata gizani, kwa kupapasa ule mshono tu. Ugomvi wa rangi upo, sikatai, lakini unakwisha siku ya kugawa. Ugomvi wa vitu visivyo na mwenyewe hauishi.

Bibi mmoja akauliza la maana kuliko yote: "Na kunguni, Matroni? Mishono mingi ndiyo kwao." Kweli kabisa. Ndiyo maana nakataza kujaza sufi. Sufi ni ya mito. Ikifuliwa inashikana madonge. Katikati tunaweka shuka kuukuu au blanketi jembamba la mitumba, chini bitana, juu viraka. Likichemshwa kwenye sufuria kubwa na kuanikwa juu ya mawe, jua la saa nane linamaliza kazi. Zito lisilofulika ni mzigo kwa anayelipokea.

Tumekubaliana viraka viendelee. Mweka hazina amekubali kwa shingo upande, lakini ndiye aliyetoa hela ya uzi.

Alhamisi, 20 Juni

Mwanangu aliyeko Dodoma amenitumia picha ambazo sijaacha kuzitazama tangu jana. Ni mablanketi ya viraka ya akina mama wa Kisidi, jimbo la Karnataka, India. Wasidi ni kizazi cha Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wao utumwani. Baadhi ya mababu hao waliwatoroka mabwana wao, Goa na kwingineko, wakaingia misituni. Mablanketi yao wanayaita kawandi, na wanayashona kwa nguo kuukuu za nyumbani kwa ajili ya watoto na wajukuu.

Kinachonishangaza ni namna ya kushona. Sisi tunaunga viraka kwa cherehani mpaka kipatikane kitambaa kizima, ndipo tunakipiga bandi juu ya bitana. Wao hawaungi. Wanatandika kitambaa cha chini, wanaanzia kwenye pembe, wanakunja ukingo wa kiraka na kukishona papo hapo kwa mkono, safu kwa safu kuzunguka, mpaka wanakutana katikati. Sindano moja inashika tabaka zote, na hakuna upindo wa kumalizia kwa sababu ukingo ulikwisha fungwa tangu mwanzo. Pembeni wanaweka vitambaa vya rangi vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita maua. Kwao blanketi lisilo na maua hayo liko uchi.

Tuna cherehani moja, na mkanda wake unakatika kila mara. Kwa njia hii ya Wasidi mama wanne wanaweza kukaa mkekani, kila mmoja na ukingo wake, wakashona hata umeme ukikatika. Leo mchana nimejaribu pembe moja. Mshono wa mkono unakunja kitambaa vijimawimbi, unapata joto bila uzito. Jumamosi nawaonyesha wenzangu.

Jumamosi, 29 Juni

Wamependa. Kelele zilikuwa nyingi mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia.

Mama mmoja wa jumuiya amekuja na mashati matatu yaliyopigwa pasi. Ni ya marehemu mumewe aliyekwenda na kivuko cha MV Nyerere kilipozama tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa karibu kabisa kutia nanga Ukara. Watu zaidi ya 220 walipotea siku ile, na hapa kisiwani hakuna asiyejua jina la angalau mmoja. Nilimwambia ayaweke, tuna vitambaa vya kutosha. Akasema amekaa nayo miaka yote, hayavai mtu, na mende wameanza kuyatembelea. Heri yamfunike mtu aliye hai. Akachukua mkasi mwenyewe. Alikata mfuko wa kifuani ukiwa mzima, na kifungo chake, akaushona katikati ya blanketi ili mtoto apate pa kuweka kitu.

Nilikumbuka habari ya Missouri Pettway wa Gee's Bend, Alabama. Mwaka 1942, baada ya mumewe kufariki, alizikusanya nguo zake za kazi, zenye magoti yaliyochakaa, akashona blanketi la kujifunikia ili amkumbuke. Yule alilibakiza kitandani kwake. Huyu wetu analitoa. Siwezi kusema ni lipi kubwa kuliko jingine, lakini huu mfuko wa shati nitausimamia ufike salama.

Ijumaa, 12 Julai

Mwanza. Tumevuka na meli ya asubuhi, robota mbili zimefungwa kwa turubai. Kwenye benchi la mbele yetu alikaa binti ambaye sidhani ametimiza miaka 13, na mwanamke aliyevaa vizuri ambaye hakuwa mama yake. Mzigo wa mtoto ulikuwa mfuko mmoja, umefungwa fundo. Nilimuuliza anakwenda wapi. "Kwa shangazi." Nikamuuliza shangazi anaitwa nani, akamtazama yule mwanamke kabla ya kujibu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Iko wazi, na meli zinaendelea kupakia. Namshukuru Mungu kwa watu kama Angela Benedicto, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani yeye mwenyewe, akaanzisha WoteSawa hapa Mwanza kuwatetea watoto hawa. Tuliposhuka Bandari ya Kaskazini nilimwandikia yule binti namba yangu ya simu kwenye kipande cha bitana. Yule mwanamke hakupenda.

Nyumba salama ya watoto kama huyo, tuliyoipelekea mzigo wa mablanketi, ni ndogo na safi. Mlezi alitaka kugawa kwa orodha. Nilimwomba ayatandaze yote sakafuni, kila mmoja achague, wadogo waanze. Akasita, kisha akakubali. Wengine walichagua kwa rangi, wengine kwa kunusa. Msichana mmoja aligeuza kila blanketi akakagua mishono ya nyuma kama fundi, akachukua lenye mfuko wa shati. Nikamwambia mfuko ule ulikuwa wa nani. Alisikiliza, akakifungua kifungo na kukifunga tena, akauliza, "Mama huyo anajua kwamba nimelichukua mimi?" Nikamwambia nitamwambia leo leo.

Jumanne, 6 Agosti

Mlezi amepiga simu. Msichana wa mfuko wa shati amepatiwa ndugu wa kweli Sengerema, anarudishwa nyumbani wiki hii, na anataka kuondoka na blanketi. Mlezi hana ubaya, lakini ameshaliandika kwenye daftari la vifaa pamoja na magodoro na masufuria. Mkaguzi akija akute pengo, ataulizwa yeye. Anapendekeza libaki, lipewe atakayefuata.

Nimemwambia hapana, shikamoo yake nikiipokea kwa heshima zote. Mtoto aliingia pale na gauni moja. Akitoka mikono mitupu, basi tulimwazima joto tu. Atakayefuata tutamshonea la kwake.

Daftari lina haki yake pia. Nilikuwa matroni, najua mkaguzi anavyokodoa macho. Kwa hiyo tumeelewana hivi: mablanketi yetu hayaingii kwenye daftari la vifaa kabisa. Tutapeleka barua ya jumuiya yenye mhuri wa parokia kwamba kila moja ni mali ya mtoto tangu siku anayochagua, na kituo kinashuhudia tu.

Alhamisi, 8 Agosti, Nane Nane

Sikukuu, soko limejaa. Barua imepigwa mhuri jana, imeondoka na meli ya mchana huu. Kwenye bitana ya kila blanketi jipya tutaacha nafasi ya kiganja kimoja bila mshono, na tutafungia sindano yenye uzi kwenye karatasi, ili mwenyewe akipenda adarizi jina lake. Mweka hazina ameuliza sindano hizo zitalipwa na nani, kisha akazilipa.

Kituo kina wasichana wawili wapya tangu jana. Mama wa mashati amebakiwa na mikono minne na kola, na amesema tuanzie hapo.