Diani mbega wana ngazi, vichanga je?

Msomaji, ukitaka kuijua Pwani ya Kusini, anza kwa kuvuka Likoni. Mtu wa miguu halipi nauli ya feri, na ukishafika ng'ambo makanga watakugombania: "Ukunda! Ukunda! Msambweni!" Keti dirishani. Utapita Ngombeni na Waa hadi Kombani, ambako barabara ya kulia hupanda kwenda mji wa Kwale na Milima ya Shimba, makao ya palahala, mnyama ambaye hapa Kenya haonekani porini kwingineko. Wewe nyoosha njia. Baada ya Tiwi utafika Ukunda, yapata kilomita 30 kutoka Likoni, na hapo ukate kushoto uteremke Diani.

Usikose kuuona Msikiti wa Kongo, karibu na mto unapomwaga maji baharini, msikiti wa kale wa mawe uliozungukwa na mibuyu mikubwa. Kisha fuata barabara ya hotelini, uinue macho. Utaona ngazi za kamba zimetundikwa juu ya lami kutoka mti hadi mti. Hizo ni za mbega. Walikuwa wakigongwa na magari wakivuka, ndipo shirika la kuwahifadhi lililoanzishwa mwaka 1997 likawatundikia njia yao ya juu. Mgeni hafiki Diani asizipige picha.

Ama kwa hakika ni kazi ya huruma. Lakini ukishapiga picha yako, teremsha macho chini ujiulize swali moja: binadamu aliyezaliwa jana, asiyetakikana, yeye ametundikiwa nini?

Maana habari hizi si ngeni kwako. Kichanga kimeokotwa jaani, kichanga kimesikika kikilia chooni. Ni habari za nchi nzima, na Pwani ya Kusini haikusazwa. Mamake huenda ni mwanafunzi, au yaya, au msichana aliyekuja Ukunda kutafuta kibarua cha hoteli, na aliyempa mimba amekana au amehama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sheria yasemaje?

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 227, humshitaki anayeficha maiti ya mtoto ili isijulikane kuwa amezaliwa. Kifungu cha 210 humhusu mama aliyemuua mwanawe wa chini ya miezi 12 huku akili yake ikiwa imevurugwa na uzazi. Huyo huhukumiwa kama aliyeua bila kukusudia. Kumtelekeza mtoto nako ni kosa.

Kwa upande wa mtoto, sheria ina upole zaidi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 14, inasema mtoto anayeonekana kuwa chini ya miaka minane, aliyekutwa nchini na wazazi wake hawajulikani, ahesabiwe raia wa kuzaliwa. Kifungu cha 53 kinawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inamhesabu aliyeachwa kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi.

Kinachokosekana ni mlango wa katikati. Mama asiyeweza kulea anaweza kumwendea Afisa wa Watoto na kuomba mtoto apangiwe walezi, lakini huko ataulizwa jina lake na kwao. Msichana anayeogopa kujulikana haendi. Hana sheria inayomwambia: mlete akiwa hai, mkabidhi muuguzi, uende zako salama.

Wenzetu wamefanyaje?

Huko Marekani, jimbo la Texas lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1999, na kufikia 2008 majimbo yote 50 yalikuwa nayo. Mama hupeleka kichanga hospitalini au mahali pengine palipotajwa na sheria, naye hashitakiwi mradi mtoto hakudhuriwa. Nebraska walisahau kuweka kikomo cha umri. Mwaka huo wa 2008 wazazi wakawapeleka hata vijana wa miaka 17, ikabidi sheria irekebishwe haraka, iwe ya watoto wa siku 30 kurudi chini.

Si mambo ya Wazungu peke yao. Johannesburg, kanisa moja lilitoboa tundu ukutani mwaka 1999. Mtoto akiwekwa ndani, walezi hupata ishara. Pakistan, shirika la marehemu Abdul Sattar Edhi huweka susu nje ya vituo vyake, na mama haulizwi lolote.

Yupo atakayesema huku ni kuhalalisha uasherati. Mwingine atauliza, na swali lake ni zito zaidi: mtoto huyo akikua, atamjuaje mamake? Ujerumani, ambako vijidirisha vya vichanga vilianza Hamburg mwaka 2000, ilitafuta jibu. Tangu Mei 2014 mama huweza kujifungua hospitalini kwa siri, jina lake likatiwa kwenye bahasha iliyofungwa, na mtoto ana haki ya kuomba kuifungua akitimiza miaka 16.

Hapa Kwale tusijione mafukara wa busara. Zamani Wadigo walihesabu ukoo kwa mama, na urithi ulikwenda kwa mpwa. Baba akikimbia, mtoto alikuwa bado na kwao, na mjomba wake alikuwapo. Uislamu nao umefanya kumwokota mtoto aliyetupwa kuwa faradhi ya kifaya: asipojitokeza hata mmoja, mji mzima una dhambi. Kumlea bila kumbadilisha nasaba, yaani kafala, sasa kumetajwa katika Sheria ya Watoto ya 2022.

Basi endelea na safari yako hadi Msambweni, yapata kilomita 20 na ushei mbele ya Ukunda, kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Utazame lango lake, kisha upige hesabu: chumba kimoja, kitanda chenye joto, kengele, na sheria ya kumlinda anayeigonga. Je, hilo linatushinda?

Kabla sheria haijaja, lipo unaloweza kufanya. Ukikuta kichanga, mfunike apate joto, mkimbize hospitali iliyo karibu na uwaarifu polisi au Afisa wa Watoto. Nambari 116 hupigwa bila malipo. Nawe mwanafunzi, ukimwona mwenzako bwenini anajifunga leso tumboni na kulia usiku, usimtangaze. Mkalie karibu, umtafutie mtu mzima wa kumsikiliza. Wewe pia waweza kuwa mlango.