Mtoto Akinyamaza, Wewe Usinyamaze

Umewahi kuketi kwenye foleni ya hospitali ukafurahi kwamba mwanao ameacha kulia? Mimi nimewahi, na furaha hiyo nusura inipokonye mwana.

Ilikuwa mwaka wa 2019. Kifungua mimba wangu alikuwa na miezi minane. Alikohoa usiku kucha nyumbani Voi, na asubuhi nikamfunga kwa leso, nikaabiri matatu hadi hospitali moja ya kaunti yetu ya Taita Taveta. Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. Kina mama wengine walikuwa wameteremka kutoka milimani tangu alfajiri, ningewapitaje? Nikasubiri zamu yangu kwa adabu niliyofunzwa. Mtoto alilia, akaguna, kisha akatulia.

"Afadhali amelala," nikamwambia jirani yangu.

La hasha! Muuguzi aliyekuwa akipita alimtupia jicho mara moja tu, akamnyakua na kukimbia naye ndani. Midomo ya mwanangu ilikuwa na rangi ya majivu na kifua hakikuinuka. Muuguzi alimlaza chali, akakiweka kichwa sawa, akamfunika pua na mdomo kwa barakoa, akaanza kuminya mfuko wa hewa. Mwenzake alimshika mkono kutafuta mpigo.

"Moyo bado unapiga. Endelea!"

Baada ya dakika zilizokuwa kama mwaka, mtoto alikohoa, akalia.

"Mama," muuguzi aliniambia baadaye, "moyo wa mtu mzima mara nyingi husimama kwa ugonjwa wa moyo wenyewe. Wa mtoto kwa kawaida husimama mwisho, baada ya pumzi kushindwa au mwili kuishiwa maji. Ukishasimama, wanaorejea ni wachache."

Ndiyo sababu wauguzi na madaktari wengi nchini wamepitia mafunzo ya ETAT+, yaliyotokana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Yanawafunza kumtambua kwanza mtoto aliye hatarini, hata kama alifika wa mwisho.

Lakini muuguzi ana macho mawili tu, nawe ndiwe umempakata mtoto. Fungua nguo umtazame kifua. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili mbaya. Je, ngozi chini ya mbavu inabonyea ndani kila avutapo pumzi? Anaguna? Midomo imebadilika rangi? Amelegea, haamki, au ana degedege? Basi inuka, mzazi mwenzangu, upite foleni yote ukipaza sauti. Usione haya. Mvumilivu hula mbivu, lakini si hapo.

Mwanangu sasa yuko shule ya msingi. Majirani hulalamikia kelele zake. Mimi simnyamazishi.