Yule Anayelia kwa Kiswahili



Sisi tunaowaandikia tulikulia katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, na wengi wetu tulijua kushika maneti ya PlayStation kabla ya kujua kushika chetezo altareni. Hatuoni haya kulisema. Nyuma ya nyumba ya jirani yetu palikuwa na chumba kidogo chenye televisheni mbili, mabenchi manne, na jenereta iliyonguruma uani kila umeme ulipokatika. Mwenye chumba alitoza faranka chache kwa kila mchezo, na aliyeshindwa alimwachia mwenzake nafasi. Jumapili baada ya misa tulikwenda kule na mashati yetu meupe, tukarudi jioni yakinuka mafuta ya jenereta.

Mara nyingi tulicheza mpira. Desemba 2010, TP Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazili mabao 2-0 na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la klabu, jambo ambalo hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imelifanya kabla yake, chumba kizima kilishuka sakafuni na kurukaruka kwa makalio kama kipa Kidiaba. Furaha ile ilikuwa safi, na hata leo hatuna neno la kuilaumu.

Lakini usiku ulikuwa wa wakubwa, na wakubwa walikuwa na mchezo mwingine. Uliitwa Resident Evil 5. Ulitengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani, ukatoka Machi 2009. Mwanajeshi wa zamani Mmarekani anatumwa katika eneo la kubuniwa liitwalo Kijuju, linalosemekana kuwa Afrika ya Magharibi. Wenyeji wameingiziwa kidudu mwilini ambacho kimewanyang'anya akili, nao wanamshambulia kwa mapanga na mashoka. Kazi ya mchezaji ni kuwapiga risasi mmoja baada ya mwingine. Wenyeji hao wanaitwa Majini, nao wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Tuliposikia mara ya kwanza, tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Katika michezo yote tuliyoijua, watu walisema Kiingereza au Kijapani. Sasa, kwa mara ya kwanza, mashine ilisema lugha ya mama zetu. Tulijivuna hata. Hatukujiuliza kwa nini watu wa Afrika ya Magharibi waseme Kiswahili, lugha isiyo yao, wala kwa nini lugha yetu, ilipopata hatimaye nafasi katika mchezo mkubwa wa dunia, ilitiwa kinywani mwa mazimwi.

Aliyetuuliza alikuwa bibi kizee, mama wa mwenye chumba. Tulimwita Kambo, kama tunavyowaita wazee wote wa rika lake. Alikuwa amekimbia vita upande wa Mitwaba, akafika mjini na vikwembe viwili na mjukuu mmoja. Hakuingia kamwe katika chumba chetu. Usiku ule alikuwa akipita uani na ndoo ya maji, akasimama mlangoni. Aliitazama kioo kidogo tu, kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu. Alikuwa anasikiliza.

"Batoto," akasema, "ule mutu analia Kiswahili. Munamuua juu ya nini?"

Mmoja wetu akamjibu bila kugeuka: "Kambo, haiko mutu. Ni mchezo tu."

Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kama haiko mutu, juu ya nini analia Kiswahili?"

Akaondoka na ndoo yake. Tukacheka tena, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Tukaendelea kucheza.

Tangu mwaka 2007, filamu fupi ya kuutangaza mchezo huu ilipoonyeshwa, watu wengi huko Marekani na kwingineko walibishana juu yake. Wengine walisema picha ya mzungu akiwapiga risasi Waafrika wengi maskini inaamsha mambo ya kale yasiyopaswa kuchezewa. Wengine walijibu kwamba mchezo uliotangulia ulikuwa na wanakijiji wa Ulaya, na hakuna aliyelalamika; tena shujaa wa pili wa mchezo huu, Sheva Alomar, ni mwanamke Mwafrika. Ni lazima tuwe wa haki: hoja hizo zina uzito. Isitoshe, hadithi yenyewe inasema waziwazi kwamba wenyeji wa Kijuju hawakuwa waovu. Waovu ni makampuni ya kigeni yaliyokuja kutafuta ua adimu liotalo chini ya ardhi yao, kisha yakawafanya watu kuwa vyombo vya majaribio. Ipo hata sehemu ambayo mchezaji anapita ndani ya mgodi. Mtoto wa Katanga hahitaji mwalimu wa kumfafanulia hadithi ya namna hiyo. Ni hadithi ya nchi yake.

Hapo ndipo swali la Kambo lilipotuchoma, ingawa tulichelewa miaka kulielewa. Hadithi ilituambia kwamba watu wale wamedhulumiwa. Maneti haikutupa kitufe cha kuwaombolezea. Ilitupa kitufe cha kufyatua. Tulijua kwa akili kwamba ni wahanga, na kwa vidole tuliwahesabu. Tulipita mgodini bila kuuliza nani aliuchimba. Nasi, wana wa mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, tuliona mambo hayo kwa macho ya yule aliyeshuka kutoka mbali na bunduki.

Hatusemi kwamba mchezo ule ulitufundisha kuua. Tungekuwa waongo, na ninyi mngetucheka. Lakini sikilizeni jambo moja ambalo hatujaliandika kamwe.

Miaka michache baadaye, usiku, kijana mmoja alikamatwa barabarani karibu na kwetu. Walisema ameiba simu. Watu walikusanyika, mawe yakaanza. Sisi tulikuwa pale, watano, wote wa kundi la vijana la parokia. Hatukurusha jiwe. Tulitoa simu zetu tukaanza kupiga picha. Kijana alikuwa chini, amefunika kichwa kwa mikono, akimwita mama yake kwa Kiswahili kile kile tunachoombea chakula nyumbani. Tulimwona kupitia kioo kidogo, naye alionekana mdogo na wa mbali, kama mtu asiyehusiana nasi. Tulisimama hivyo dakika ngapi? Hatujui. Zilikuwa nyingi mno.

Ndipo mwenzetu mmoja akashusha mkono, akasema kwa sauti ya chini: "Analia Kiswahili." Hakusema zaidi. Wawili wakakimbia kumwita mkubwa wa mtaa, watatu wakaingia katikati pamoja na baba mmoja fundi wa baiskeli, mtu wa shirika letu, ambaye hakuwa ameuliza chochote, alisukuma tu. Kijana yule aliokoka, amevunjika mkono. Wengine mjini hapa hawaokoki, nanyi mnajua. Kambo alikuwa amekwisha kufariki, na hatukupata kumwambia kwamba tumemjibu.

Kwa hiyo tukisikia wahubiri wakisema kwamba ubaya wa michezo ya video ni kupoteza wakati, tunakubali, lakini tunaona kwamba hawajafika mwisho wa jambo. Wakati ni kitu cha kuchungwa. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu Septemba 2025, alipenda PlayStation kama sisi, naye alijiwekea saa moja tu kwa juma. Ni mfano mzuri. Lakini hata katika saa moja mtu aweza kuzoea kumtazama mwenzake kama kitu cha kuhesabiwa. Ni lazima tujue tunacheza saa ngapi. Ni lazima pia tujue tumesimama wapi tunapocheza, na nani anaanguka mbele yetu.

Wazee wa mji huu walilijua jambo hilo. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mitaani waliuza picha zao kwa familia za wafanyakazi, zikatundikwa ukutani mwa sebule. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora kati ya 1973 na 1974 historia nzima ya nchi yetu katika picha zaidi ya mia moja. Picha iliyopendwa sana iliitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa fimbo, mkubwa Mbelgiji anatazama. Ni picha ya ukatili, kama mchezo ule. Lakini yule anayeumia ana jamaa. Anayeitazama anajua kwamba aliyelala pale ni baba au babu yake. Watu waliziita picha za namna hiyo kwa jina moja zuri: ukumbusho. Ni neno lile lile tunalolisikia altareni kila Jumapili, nalo lina maana ile ile, kwamba aliyeumizwa asisahauliwe, tena akumbukwe kwa jina.

Basi hata ndani ya maneti mna ukumbusho, kwa mwenye kutaka kuuona. Betri ya maneti isiyo na waya, kama ya simu yako, ni ya lithiamu, na katika betri nyingi za namna hiyo mna kobalti. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka katika nchi yetu, karibu yote kutoka udongo huu wa Katanga, na sehemu yake huchimbwa kwa mikono na vijana wa umri wenu. Mwaka 2011 kundi la Molleindustria la Italia lilitoa mchezo mdogo wa simu ulioitwa Phone Story, ambamo mchezaji analazimishwa kuwasimamia watoto wa Kongo wanaochimba koltani. Ulitolewa sokoni na Apple baada ya muda mfupi tu. Mchezo ule haukufurahisha, wala haukukusudiwa kufurahisha. Ulitaka mchezaji aone mkono wake uko wapi.

Hatuwaambii mchome maneti zenu. Sisi bado tunacheza. Tunawaambia kwamba mchezo ni hadithi, na mwenye kusimulia ndiye anayeamua nani ana jina na nani ni jini. Mjini Yaoundé, vijana wa Kameruni walianzisha studio yao, Kiro'o Games, na mwaka 2016 wakatoa mchezo uitwao Aurion, wenye mashujaa na falme zilizobuniwa kwa mawazo ya Afrika. Jina la studio yao walilichota katika Kiswahili, katika neno kiroho. Wale hawasemi lugha yetu nyumbani, lakini walipoitafuta waliona roho ndani yake. Lubumbashi, mji uliozaa wachoraji na wapiga gitaa waliojulikana ng'ambo, hauwezi kukosa mtoto mmoja wa kufanya hivyo.

Mpaka siku hiyo, tumejiwekea desturi moja. Tunapocheza pamoja katika sali ya parokia, mmoja wetu hashiki maneti. Anakaa karibu na mlango, pale aliposimama Kambo, na kazi yake ni kusikiliza. Mchezo ukiisha, anauliza alichokisikia. Mara nyingine hana la kuuliza, nasi tunakwenda kula bukari. Mara nyingine swali lake linatukalisha mpaka giza linaingia.

Kwa mazungumzo katika kundi lenu:

1. Katika mchezo au filamu unayoipenda, nani anakufa bila jina? Anasema lugha gani?

2. Umewahi kumpiga picha mtu aliyehitaji msaada wako? Ni nini kilikuzuia kushusha simu?

3. Kama mngetengeneza mchezo mmoja juu ya mtaa wenu, mngempa nani nafasi ya shujaa, na kwa nini?