Ifakara: Wali mtamu, wateja wachungu

KAMA hujawahi kufika Ifakara, siku moja jikamue nauli uende. Ukifika Mikumi unakata kushoto, unapita Kidatu kwenye mashamba ya miwa, milima ya Udzungwa ikikusindikiza upande wa kulia, mpaka uone baiskeli zimekuwa nyingi kuliko magari. Hapo ujue umeingia mjini. Wali wa kule, wee acha tu! Unanukia tangu jikoni kwa jirani.

Mimi sikufuata wali. Nilishuka pale mwaka 2013 na begi la bisibisi baada ya Dar kunishinda. Kariakoo mafundi wa kompyuta tulikuwa tunagombea mteja kama makonda wa daladala. Mshikaji wangu mmoja akanitonya kwamba bonde la Kilombero lina hospitali kubwa, lina watafiti wa malaria tangu miaka ya 1950, shule kibao na matajiri wa mpunga, ila mafundi wa kuhesabu. Nikakodi kibanda Kibaoni, nikaandika ubao kwa rangi nyekundu, nikakaa kusubiri utajiri.

Zikaja pumba. Sio utani, pumba za mpunga. Msimu wa mavuno mashine za kukoboa zinanguruma kutwa na vumbi lake linaingia kila mahali. Nafungua kompyuta ya ofisi ya mashine, nakuta feni imevaa koti. Namuuliza mwenyewe imesafishwa lini, ananishangaa: "Mbona naifuta kila siku?" Ni kweli anaifuta. Kioo.

Halafu umeme. Bwawa la Kidatu liko njiani hapo hapo, linalisha gridi ya taifa tangu miaka ya 1970, lakini umeme ukikatika mjini na kurudi kwa kishindo, mimi ndiye ninayezika pawa saplai. Na lawama ni zangu: "Fundi, wiki iliyopita uliigusa."

Mwalimu mmoja alinyeshewa masika, akaniletea laptopu ndani ya ndoo ya mchele. Kasikia mchele unavuta maji. Nikamwambia, mwalimu, mchele unavuta maji ukiwa sufuriani! Punje zilikuwa zimejaa hadi kwenye tundu la chaja, nikazichokoa moja moja kwa kibanio saa nzima. Nilipotaja bei akacheka. "Si umetoa mchele tu?"

Hayo yote nilikuwa nayacheka jioni. Lililonitoa jasho ni la Julai 2014.

Mzee mmoja mwenye ghala alinijia na kompyuta imefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi. Njia nzima inarukaruka. Nikaiwasha, hadi diski ikawa inagonga, tik, tik, tik. Nikamwambia, "Mzee, hii inakata roho, unaweza kupoteza vitu vyako." Akasema, "Wewe tengeneza," akaondoka. Nami kwa ujinga nikaizima, nikaiwasha tena nione inachogoma, badala ya kukimbilia kunakili mafaili kwanza. Ikagonga kidogo, ikanyamaza moja kwa moja.

Kumbe mle ndani mlikuwa na madeni ya wakulima zaidi ya mia. Aliwakopesha mbolea na hela ya palizi, wamlipe magunia wakivuna. Wengine wako ng'ambo ya mto, na enzi hizo kabla ya Daraja la Magufuli kuzinduliwa 2018, kuwafuata ilikuwa foleni ya pantoni. Hana nakala popote.

"Ilikuja inaongea, wewe umeiua," akaniambia mbele za watu. Kesho yake habari imebadilika: fundi wa Dar kaiba ramu. Kufika saa nne watu watano walishachukua mashine zao, wengine zikiwa bado zimefunguliwa matumbo. Sio siri, nilianza kukunja nguo.

Tukapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Akauliza swali moja tu: karatasi ya makabidhiano iko wapi? Hakuna aliyekuwa nayo. Sikuwa nimeandika hali ya mashine ilipoingia, mzee hakuwa amedai risiti. Tukabaki kutazamana.

Aliyetuokoa ni mama mwenye nyumba wake. Alikuja na daftari la shule lililotafunwa kona na panya. Humo kaandika kila gunia na kila mfuko wa mbolea uliotoka msimu ule, maana, alisema, kitu kinachozimika umeme ukikatika hawezi kukiamini. Ya misimu ya nyuma hakuwa nayo. Nilikaa barazani kwao usiku tatu mfululizo, mama anasoma, mimi napiga kwenye diski mpya niliyonunua kwa hela yangu, mzee anapita anaguna.

Pole hakunipa. Alinipa kilo ishirini za mchele, akatangaza sokoni kwamba kanisamehe. Wateja wakarudi.

Toka siku hiyo nina daftari lenye kaboni: mashine imeingiaje, ina ramu ngapi, inawaka au haiwaki, sahihi. Watu wanaliona la dharau. Mwezi uliopita mzee alikuja tena, mpira wa tairi ule ule, kompyuta nyingine. Nikamfungulia ukurasa.

"Kijana, mimi na wewe tena tuandikishane?"

Nikamwambia, "Shikamoo mzee," nikamsogezea kalamu.