Tiketi Ilisema Saa Saba, Shangazi Akaamini

Msomaji wangu, tiketi ya ndege ina ujanja wake. Ya shangazi yangu wa Arusha, Januari ile, ilikuwa hivi: kuondoka Nairobi saa 5:30 usiku, kufika New York saa 12:30 asubuhi. Akahesabu kwa vidole, akacheka. "Saa saba tu! Kumbe Marekani ni karibu kuliko Dar!"

Usimcheke. Hesabu yake haina kosa, ila saa zenyewe ni mbili. Ile 5:30 ni ya Nairobi, ile 12:30 ni ya New York, na Januari New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Kule wakiamka, huku watu wameshakula cha mchana. Saba ujumlishe na nane: kumi na tano. Huo ndio muda wa kukaa kitini.

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi wa John F. Kennedy ni kama kilomita 11,800. Kenya Airways ilianza kwenda moja kwa moja Oktoba 28, 2018. Ukipitia Ulaya au Uarabuni na kubadilisha ndege, ongeza saa zako mwenyewe.

Mimi sikucheka, maana shangazi ana miaka 68 na ana kisukari. Insulini yote alishaifunga ndani ya begi kubwa, lile linaloingia tumboni mwa ndege. Mkononi kabaki na kanga na pakiti ya biskuti. "Sindano nitachoma nikifika kwa mwanangu," ananiambia.

Tukakaa chini tukahesabu upya, tukianzia mlangoni kwake. Basi dogo la Arusha hadi Nairobi kupitia Namanga, saa sita hivi. Kusubiri uwanjani, saa tatu. Angani, kumi na tano. Hapo siku nzima imekwisha, na foleni ya uhamiaji bado! Insulini ikahamia kwenye mkoba wa mkononi, maana begi la chini laweza kuchelewa, na dawa ile ikiganda imeharibika. Daktari wake akampangia sindano na chakula kwa saa za Arusha. Saa yake ya mkononi akaambiwa asiiguse mpaka afike.

Februari akarudi, na tiketi ikaja na ujanja mwingine: kuondoka saa 6:30 mchana, kufika kesho yake saa 4:30 asubuhi. Ungedhani ni saa 22. Toa nane, zinabaki 14. Huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo anayerudi kwetu husukumwa kidogo.

Kwa hiyo, kabla hujamfungia mzee wako mizigo, zigeuze saa zote mbili ziwe za nyumbani, ndipo uhesabu. Sukari haijui New York ni saa ngapi!