Harufu ya Kabaidi

Mjomba alinilea kwa harufu ya kabaidi. Kama hujawahi kukaa karibu na gereji ya jua kali pale Kariobangi, ni kama kitunguu saumu kilichooza. Anaweka mawe ya kijivu mtunginji, maji yanayagusa, inatoka gesi ya asetilini. Gesi inapita kwenye mpira, inakutana na oksijeni, na moto wake unapita nyuzi joto 3,000. Chuma kinatiririka.

Karo yangu yote ilitoka kwa huo moto. Nikaacha chuo mwaka wa pili, na sikumwambia.

Wiki tatu nilikuwa naamka, navaa, nabeba begi, halafu naenda saiba kuandikia watu makala. Siku moja nikapewa minara ya taa ya baharini. Ndio nikakutana na Gustaf Dalén, Mswidi. Kabla stima ienee, asetilini ndiyo iliwasha taa za migodi, za baiskeli, na za minara mingi. Dalén alibuni vali yenye fimbo nyeusi: inanyonya mwanga wa jua, inatanuka, inafunga gesi. Giza likiingia inajikaza, taa inawaka tena. Hakuna haja ya mtu kukesha pale.

Mwaka wa 1912 gesi hiyo hiyo ilimlipukia akifanya majaribio ya usalama wa mitungi. Akapofuka. Mwaka huo huo akapewa Nobel ya fizikia. Aliendelea kuongoza kampuni yake bila kuona hadi alipofariki 1937.

Nilishindwa kuendelea kuandika. Mjomba husoma risiti akiwa amefinya jicho la kushoto. Cheche ilimwingia nikiwa kidato cha tatu. Miwani yake ya kuchomelea ilikuwa imepasuka, na pesa ya miwani mpya ilikuwa imelipia mtihani wangu.

Jioni nikaenda gereji, nikamwambia yote. Alifunga gesi, kisha oksijeni, polepole, vile alinifunza nikiwa mdogo. Akakaa juu ya tairi. Alinyamaza hadi nikatamani anitukane.

"Hiyo stori ya Mzungu, wamekulipa?"

"Mia nane, mjomba."

"Basi kanunue miwani."

Sikuuliza ni ya nani. Nilinunua mbili.